Zana za Bwana Samahani

Hannia Brenes aliujua mji wa Cartago kwa masikio kabla ya kuujua kwa miguu. Kwa miaka ishirini na saba alikaa kwenye chumba cha redio cha chama cha teksi, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi, na dirisha lake moja lilitazama ukuta. Watu walipiga simu wakasema walipo, naye akakigeukia kipaza sauti na kumwambia dereva pa kwenda. Ramani hakuwa nayo. Nani angekuwa na ramani? Mitaa ya Cartago ina namba, lakini hakuna anayezitumia. Mtu husema: kutoka ulipokuwa mtini, mita mia tatu kusini, hamsini mashariki, geti jeusi. Mtini wenyewe ulikatwa Hannia akiwa bado hajaota meno, na mpaka leo watu wanahesabu kutoka kwenye kivuli chake.

Kisha simu za mkononi zikaanza kuita magari zenyewe, na redio ikawa kimya siku nzima. Siku ya mwisho Hannia aliwaambia madereva, "Haya wanangu, endesheni polepole, ukungu umeshuka," akazima. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Nyumbani akakaa miezi sita. Kila aliposikia mtu kwenye televisheni akitaja mahali, mkono wake ulienda wenyewe mezani kutafuta kitufe.

Ghala la oksijeni la karibu na soko ndilo lililomtoa nyumbani. Walihitaji mtu wa kupokea simu za wagonjwa wa mapafu wanaopelekewa mitungi majumbani, mtu asiyepotea. Hannia alikubali kabla hawajamaliza kumweleza masaa ya kazi. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akiwa mnyonge, dada yake akamuuliza kuna nini. "Wa teksi akicheleweshewa gari hukasirika," Hannia akasema. "Lakini wa mtungi…" na hakuimalizia sentensi ile.

Mwaka wake wa pili pale, alifika Greivin Calderón na mkoba wake mgongoni. Alikuwa mhandisi wa kompyuta wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Paraíso, mji wa jirani, mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Ghala lilikuwa limepata wagonjwa wengi kuliko simu zake, na Greivin aliletwa atengeneze wakala wa akili mnemba wa kupokea simu hizo na kuwatuma madereva.

"Doña Hannia, nimekuja kukusaidia, siyo kukuondoa," akasema akiwa bado amesimama, akimwita doña, bibi wa heshima.

"Ndivyo alivyosema yule aliyetuletea zile simu za kuita teksi. Kaa. Umekunywa kahawa?"

Alikuwa hajanywa. Hannia akamchujia kahawa kwenye kitambaa, akamwekea mkate na jibini, akamuuliza hicho kitu chake kinafanyaje kazi.

"Ni hivi," Greivin akasema huku anatafuna. "Wakala anajua kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Lakini ni kama mtu aliyefungiwa chumbani. Hana macho, hana mikono. Akitaka kufanya jambo lolote huku nje, lazima tumpe zana."

"Kama nyundo?"

"Zana za maneno, doña. Moja ya kumtafuta mteja. Moja ya kuangalia mitungi iliyobaki. Moja ya kumtuma dereva. Mimi naandika maelezo ya kila zana: hii ni ya nini, inatumika lini, ukiitumia itakujibu nini. Yeye anayasoma, halafu anaamua mwenyewe achukue ipi."

Hannia akakiona chumba chake cha redio. Mtu aliyefungiwa chumbani, asiyeuona mtaa, anayesikia sauti na kuwatuma wengine.

"Basi huyo ni mimi," akasema. "Mnanitengeneza mimi."

Greivin akacheka. Hakukataa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Wakala alikuwa na sauti nzuri ya kike, na kila simu aliianza kwa kusema kwamba yeye ni mashine, jambo ambalo Hannia alilipenda. Lakini hakuwa akijua chochote, na kila asipojua aliomba samahani. Samahani, sikuipata anwani hiyo. Samahani, tafadhali rudia. Madereva wakamwita Bwana Samahani, sauti ya kike au siyo ya kike, na jina likaganda. Siku ya nne alimtuma Chalo na mtungi kwenda mita mia tatu kusini mwa mtini. Chalo alikuwa dereva wa Hannia tangu enzi za teksi, mnene, mpenda maneno. Akajikuta mbele ya mgahawa uitwao Mtini katika mji mwingine kabisa, kilomita ishirini na mbili kutoka kwa mgonjwa.

"Mhudumu kanikaribisha vizuri," Chalo akasema kwenye simu. "Kaniuliza huo mtungi ni wa bia?"

Mgonjwa alikuwa na mtungi wa akiba, hakudhurika. Hata hivyo Greivin alikaa mbele ya kompyuta yake kama mtu aliyefiwa. Hannia akavuta kiti.

"Mwanangu, hebu niambie. Mita mia ni nini?"

"Mita mia ni… " Greivin akamtazama. "Kona moja. Kutoka njia panda hadi njia panda."

"Kona ikiwa na mita sabini?"

"Mia."

"Ikiwa na mia na arobaini?"

"Ni mia tu, doña. Mia ni kona." Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Bikira wangu! Sikumwambia."

Hilo ndilo lililokuwa kosa, pamoja na mtini ambao ramani haikujua kwamba uliwahi kuwepo. Zana ya ramani ilikuwa imenunuliwa nje ya nchi, na ilipima mita kwa mita. Greivin alizaliwa na kukulia Paraíso, na maisha yake yote alikuwa amehesabu kona kwa mia na nusu kona kwa hamsini. Hakumwambia wakala kwa sababu hata yeye hakuwahi kuambiwa. Hakuna mtu wa bonde lile aliyewahi kuambiwa. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyolijua giza la chumba chake mwenyewe, na vitu tunavyovijua hivyo havitujii mdomoni.

Tangu siku hiyo Hannia alihamisha kiti chake. Asubuhi alipokea simu, na mchana alikaa na Greivin wakizipitia zana moja baada ya nyingine. Zilikuwa thelathini na moja. Palikuwa na ya kumtafuta mteja, ya kumtafuta mgonjwa, na ya kuitafuta akaunti, na wakala alitangatanga kati ya hizo tatu mpaka aliyepiga simu akachoka.

"Mpe mtu miswaki kumi na miwili asubuhi," Hannia akasema, "uone kama atafika kazini."

Wakazipunguza hadi sita. Kisha akauliza zana hujibu nini zinaposhindwa. Greivin akamwonyesha: Kosa 17.

"Kosa kumi na saba! Ningemwambia Chalo redioni 'kosa kumi na saba', angepanda ngazi aje anizabe kofi."

"Sasa iseme nini?"

Hannia akaiandika mwenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari lake la mistari: *Mahali hapa sipajui. Usibahatishe. Muulize aliyepiga: ukifungua mlango unaona nini mbele yako?* Greivin akayapiga maneno hayo kama yalivyo. Zana ya sita ilikuwa ya kumwita Hannia. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa yameandikwa kiofisi, kuhusu kuhamisha mazungumzo kwa mhudumu pale vigezo fulani vinapotimia. Hannia akayafuta na kuandika: *Ukikwama, niite bila aibu. Mimi pia hukwama.*

Kazi kubwa ilikuwa orodha ya alama. Mtini, kinu cha kahawa kilichoungua, sinema iliyogeuka kanisa, kanisa lililogeuka maegesho, pampu ya maji ya mkoloni mmoja aliyesahaulika jina. Hannia aliandika kila kilichokuwepo na kisichokuwepo tena, kiliposimama, kilianguka mwaka gani, na nani bado anakihesabia. Akili ikikataa alivaa koti akaenda kwa miguu, akasimama kwenye ukungu pembeni mwa duka la simu, akafumba macho mpaka sauti za redio za zamani zikamrudia. Alifika mia nne na kumi na mbili. Jioni moja Greivin aliziweka zote kwenye ramani ya kompyuta kwa nukta ndogo za bluu, akamwita aone. Hannia alisimama nyuma ya kiti chake, mkono mdomoni. Ulikuwa mji mzima, juu ya ule mwingine, na hakuna tofali lake hata moja lililokuwa limesimama. Alikuwa ameishi ndani yake miaka yote ile bila kuuona.

"Kuna alama zina mahali pawili," akasema baadaye, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika. "Duka la mikate la don Abelardo. Lilikuwa upande huu wa mto, upande wa kanisa. Mafuriko yakaliingia, likahamia ng'ambo. Jina lile lile, mikate ile ile. Wengine wanahesabu kutoka la zamani, wengine la sasa."

"Na wewe ulijuaje, redioni?"

"Nilisikia sauti."

Greivin akasubiri. Hiyo haikuwa zana.

Kwa hiyo Hannia akajaribu kuieleza, akila ndizi ya kukaanga, akiandika kwa mkono ulio huru: *Duka hili lina mahali pawili. Mtu huhesabu kutoka pale aliponunua mkate wake wa kwanza, siyo kutoka pale duka lilipo leo. Muulize ameishi nyumba hiyo tangu lini. Wa miaka mingi ni upande wa kanisa. Mgeni ni ng'ambo.* Alilipitisha daftari mezani bila kulisoma tena.

Oktoba ikaingia na mvua zake. Mvua ya Oktoba Cartago huanza baada ya chakula cha mchana na haina haraka ya kwenda popote, lakini Alhamisi ile ilianza saa sita, na saa nane radi ikapiga mahali fulani mlimani, umeme ukakatika katika kata tatu kwa mpigo. Ghala lilikuwa na jenereta. Wagonjwa hawakuwa nayo. Wengi wao huvuta hewa kwa mashine ya umeme, na mtungi mdogo wa akiba hukaa pembeni ya kitanda kwa siku kama hiyo. Simu kumi na moja zikaingia ndani ya dakika tano. Hannia alipokea moja. Wakala alipokea kumi.

Alipomaliza yake, Hannia akavaa vipokea sauti na kuanza kupita kwenye simu za wakala, moja hadi nyingine, kama alivyokuwa akipita kwenye mawimbi. Kwenye meza yake palikuwa na kitufe chekundu. Akikibonyeza, mazungumzo yanahamia kwake. Alikuwa amekibonyeza mara mbili tu tangu Agosti.

Simu ya tano ilikuwa ya mwanamke mzee, na mvua ikipiga bati juu ya kichwa chake.

"…mume wangu, binti. Don Nautilio. Mashine imezima na mshale wa mtungi umekaribia pekundu."

"Nakusikia, doña Elidieth," wakala akasema. "Nina anwani yenu ya Tierra Blanca. Ndipo mlipo sasa?"

"Hapana, hapana! Paa la kule linavuja, tuko kwa mjukuu wetu. Andika. Kutoka duka la mikate la don Abelardo, mia mbili kaskazini, hamsini mashariki. Ukuta wa njano."

Hannia akakaa wima. Kwenye kioo cha kompyuta aliona jina la Chalo: alikuwa na mitungi miwili garini, amesimama kwenye njia panda ya daraja, foleni mbele yake. Madereva wengine watatu walikuwa mbali, kila mmoja na mgonjwa wake. Ng'ambo ni kuingia kwenye foleni ile. Upande wa kanisa ni kukata kushoto kabla ya daraja. Ukishaingia darajani hakuna kugeuza, na kwa mvua ile kwenda na kurudi ni nusu saa nzima. Wakala alikuwa ameshauliza mshale uko wapi na kuhesabu. Don Nautilio alikuwa na dakika ishirini, pengine kumi na tano.

"Doña Elidieth, ukifungua mlango unaona nini mbele yako?"

"Mvua, binti. Naona mvua tu."

"Kuna mtu hapo wa kukusaidia? Mjukuu wako anapatikana kwa simu?"

"Yuko kazini, simu yake haishikiki. Niko peke yangu na huyu mzee."

"Mmekaa nyumba hiyo tangu lini?"

"Si nimekwambia? Tangu Jumapili."

Ng'ambo, Hannia akawaza mara moja. Nyumba ni ya mjukuu, mjukuu ni kijana, kijana anahesabu kutoka duka la sasa, na hawa wana siku nne tu. Mgeni ni ng'ambo. Alikuwa ameiandika mwenyewe. Kidole chake gumba kilikuwa juu ya kitufe, tayari kumwambia Chalo avuke, na alikuwa na hakika kama alivyokuwa na hakika ya jina lake.

Wakala hakutuma dereva. 

"Samahani, doña Elidieth. Hii njia ya kufika, umeelekezwa na mjukuu wako, au unahesabu mwenyewe?"

"Mwenyewe! Yule anajua kuelekeza? Yeye hutuma vile vidoa vya ramani kwenye simu. Mimi ni mzaliwa wa hapa, binti, kabla sijaolewa nikapandishwa Tierra Blanca."

"Na ulipokuwa msichana, ukienda kununua mkate kwa don Abelardo, ulikuwa unavuka mto?"

"Nivuke mto nikafanye nini? Ni pale pale upande wa kanisa! Mama alikuwa akinituma alfajiri, nikila kona ya mkate njiani, narudi napigwa."

"Asante. Dereva anakuja. Mfunike, mkalishe wima, usikate simu. Nipo."

Simu ya mkononi ya Hannia ikalia. Ilikuwa Chalo.

"Doña, Bwana Samahani kaniandikia nisivuke. Anasema kushoto, upande wa kanisa, ukuta wa njano. Mimi hapa nimebakiza gari moja niingie darajani. Duka la don Abelardo si liko ng'ambo? Nimfuate huyu au nikufuate wewe?"

Maneno yote ya miaka ishirini na saba yalikuwa kwenye koo lake, na mengi yalikuwa yanasema ng'ambo. Akakitoa kidole kwenye kitufe.

"Mfuate yeye," akasema. "Kata kushoto, Chalo. Kimbia."

Kilichofuata kilikuwa dakika tisa. Hannia hakusogea. Masikioni mwake wakala alikuwa akimuuliza bibi kuhusu ile mikate, ilikuwa ya chumvi au ya sukari, na bibi alikuwa akijibu kwa pumzi fupi, na nyuma yake palisikika mtu mwingine akivuta hewa kama anayepandisha ndoo kutoka kisimani. Katika dakika ya saba bibi aliacha kuzungumza habari za mikate akasema tu, "Nautilio. Nautilio, nitazame." Hannia akaufumba mkono wake kwenye medali ya Bikira shingoni mpaka ncha zake zikamwingia kiganjani.

Kisha ukasikika mlango ukigongwa, na vurumai, na sauti ya Chalo ikisema kwa adabu asiyokuwa nayo siku zote, "Nipishe mama, nipishe kidogo," na chuma kikigonga sakafu, na ule mluzi mwembamba wa mtungi unapofunguliwa.

Kisha mvua tu.

Simu ya mkononi ikalia baada ya muda ambao Hannia hakuweza kuupima.

"Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya zambarau," Chalo akasema. Alikuwa anahema yeye mwenyewe. "Sasa inarudi. Yuko sawa, doña. Ameshaanza kunitukana. Anasema nimekanyaga maua ya mjukuu wake."

Hannia akavua vipokea sauti, akatoka kwenye korido, akaegemea ukuta. Aliporudi, wakala alikuwa na simu nyingine mbili, na sauti yake ilikuwa ile ile.

Jioni mvua ilipopungua, Greivin alifungua kumbukumbu ya simu ile. Kila zana iliyoguswa ilikuwa imeandikwa kwa mfuatano, na katikati yake palikuwa na yale ambayo wakala hujiandikia mwenyewe anapofikiri. Hannia akavaa miwani. *Maelezo yanasema niulize ameishi hapo tangu lini. Jibu ni siku nne, kwa hiyo ng'ambo. Lakini sababu iliyotolewa ni mkate wa kwanza, na anayehesabu hapa ni mtu wa miaka mingi. Kanuni na sababu yake zinapingana. Sababu ndiyo iliyozaa kanuni. Nitauliza juu ya mkate.*

Alisoma mara tatu. Hakuna aliyemwambia wakala aulize hivyo. Hapana, alikuwa ameambiwa, na Hannia mwenyewe, huku akila ndizi, katika sentensi moja aliyoiandika kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza kwenda. Halafu yeye mwenyewe aliisahau na kushika kanuni. Kile kitu kilichofungiwa chumbani kilikuwa kimeishika sentensi ile kwa uangalifu zaidi kuliko yeye. Alijikuta amevua miwani na kuishika kifuani, kama wanaume wanavyoshika kofia wakitoa heshima.

"Doña?" Greivin akasema taratibu. "Uko sawa?"

"Mimi ningemvusha Chalo daraja."

"Najua. Mimi pia."

"Mzee angekufa, Greivin."

Nje mifereji ya maji ilikuwa bado inakimbia. Greivin akaweka vidole kwenye vitufe. "Niiongeze kama kanuni? 'Uliza nani anahesabu.'"

Hannia akatikisa kichwa, kisha akafikiri zaidi. "Iongeze. Lakini uandike kwa nini. Na zile alama nyingine zote, mia nne na ngapi, turudi tukaandike kwa nini kila moja. Nimeandika 'uliza hivi, uliza vile' kama sajenti."

"Itachukua miezi."

"Una safari?"

Jumapili Hannia alipanda basi la kwenda upande wa kanisa, na maua ya kwenye chungu mkononi kufidia yale yaliyokanyagwa. Ukuta wa njano ulikuwa umefifia kuliko alivyoufikiria. Doña Elidieth alikuwa mfupi, mwepesi kama ndege. Alimshika mikono yote miwili akamtazama usoni.

"Wewe ndiye binti wa simu?"

"Hapana, doña. Yule ni mashine. Alikwambia mwanzoni, labda mvua ilikuzuia usisikie."

"Mashine." Bibi akalitafuna neno. "Lakini aliniuliza habari za mkate. Nani anauliza hivyo siku hizi? Wajukuu zangu hawajawahi kuniuliza."

Don Nautilio alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mpira wa hewa puani, blanketi magotini. Akainua mkono kusalimu. Doña Elidieth akaleta kahawa na tamale, mahindi yaliyosagwa na kupikwa, bado ndani ya majani ya mgomba, akakaa, akasimama tena.

"Nataka kumpa kitu. Hana mdomo, simpi tamale. Hana shingo, simpi skafu. Sasa nimpe nini?"

Hannia alitaka kusema kwamba haihitajiki, kwamba kitu kile hakipokei. Alijikuta hawezi kulisema kwa uhakika. "Mwambie jambo asilolijua," akasema mwisho. "Hilo analipokea. Mimi nitamwandikia."

Bibi akafikiri, mkono shavuni.

"Kabla ya don Abelardo," akaanza, "pale palikuwa na zizi la ng'ombe la familia ya Masís. Mama yangu alihesabu kutoka zizini mpaka anakufa. Mia kutoka zizini, mia mbili kutoka zizini. Wengine wa umri wangu bado wanahesabu hivyo wakiwa na homa."

Hannia akaisimamisha kalamu. Chini ya duka lililohama palikuwa na zizi. Na chini ya zizi, bila shaka, kitu kingine, na mwanamke mwingine aliyekihesabia.

"Siyo zizi, wewe mwanamke," don Nautilio akasema kutoka dirishani, akavuta hewa. "Zizi lilikuwa kona ya pili. Pale palikuwa tanuri la matofali."

"Tanuri lilikuwa kwa kina Coto!"

"Kwa kina Coto lilikuwa… " akavuta tena, mluzi mdogo, akainua kidole asikatizwe, "lilikuwa tanuri la chokaa. Mimi nilikuwa napeleka kuni pale. Wewe ulikuwa na miaka minne, unajua nini?"

"Mwandikie langu, binti."

"Mwandikie langu," mzee akasema. "Ndilo la kweli."

Hannia akaandika zizi, akaandika tanuri. Kahawa ikapoa. Wale wawili walikuwa wameshafika kwenye kinu, na mwaka ambao kinu kiliungua, na ni nani aliyekuwa ndani, wakikatizana na kusahihishana, mmoja kwa pumzi ndefu na mwingine kwa pumzi ya kuazima, na Hannia akawa anageuza ukurasa baada ya ukurasa, akiwaomba waende polepole, polepole tafadhali, mkono hauwafikii.